Njeo ya "Bado": Kusimulia Dunia Iliyosimama kwa Kiswahili cha Kiandutu

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza swali moja la sarufi ambalo kwa juu juu laonekana dogo: hadithi ambayo ndani yake wakati umesimama husimuliwa kwa njeo gani katika Kiswahili? Swali hili halikuzushwa na wanasarufi. Limeletwa na hadithi ya picha ya Kijapani iitwayo Fragtime, ambamo msichana mmoja ana uwezo wa kusimamisha wakati kwa dakika 3 kila siku, na ambamo msichana wa pili, kinyume cha dunia nzima, hasimami. Kutokana na jambo hilo kunazuka mapenzi baina yao.

Uchunguzi umewekwa Kiandutu, mtaa wa wakazi wa kipato kidogo ulio pembezoni mwa mji wa Thika, na unamchukua msimulizi wa kukisiwa ambaye angepewa kazi ya kuisema hadithi hiyo kwa Kiswahili mbele ya majirani zake. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili kina chombo kinachoifaa kazi hii kuliko lugha nyingi, nacho ni kiambishi -ja-. Hata hivyo, lugha hiyo hiyo ina chombo cha pili, yaani kutotaja jinsia katika viambishi vya nafsi, ambacho chaweza kumshawishi msimulizi aifiche hadithi badala ya kuisema. Vyombo hivyo viwili hukutana katika neno moja ambalo wahusika hawajaambiana, na hatima ya neno hilo humtegemea mfasiri.

2. Hadithi yenyewe na ukoo wake

Fragtime iliandikwa na kuchorwa na msanii atumiaye jina la Sato. Ilitolewa kwa mfululizo kati ya mwaka 2013 na 2014 katika Champion Tap!, chombo cha kampuni ya Akita Shoten, kisha ikakusanywa katika vitabu viwili. Mwaka 2019 ilifanywa filamu ya michoro, mwongozaji akiwa Takuya Satō, nayo ikaonyeshwa katika majumba ya sinema ya Japani mwezi wa Novemba. Mhusika mkuu, Misuzu Moritani, ni mwanafunzi mwenye haya ambaye kuzungumza na watu ni mzigo kwake. Dakika 3 za kila siku ni kimbilio lake, kwa kuwa wakati huo hapana mtu awezaye kumwuliza neno wala kumtazama. Siku moja anagundua kwamba mwenzake wa darasani, Haruka Murakami, msichana apendwaye na wote, anamwona na kumsikia wakati wengine wote wameganda. Kuanzia hapo wanakuwa na siri moja na muda mmoja wa siri hiyo.

Hadithi hii ni tawi la ukoo mrefu. Katika Japani ya mwanzo wa karne ya 20, Nobuko Yoshiya aliandika hadithi fupi juu ya wasichana wa shule na mapenzi yao ya dhati, zikachapishwa kati ya mwaka 1916 na 1924 kwa jina la Hana Monogatari. Baadaye hadithi za picha zikarithi jambo hilo, na mwaka 1971 Ryōko Yamagishi akatoa Shiroi Heya no Futari, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa miongoni mwa za mwanzo za aina yake. Katika hadithi hiyo mmoja wa wapenzi hufa. Aina hii leo hujulikana kwa neno yuri, maana yake yungiyungi. Mwisho wa hadithi ya Yamagishi uwekwe akilini, kwani utahitajika hapa mbele: hadithi hiyo yafunga mlango.

Fikra ya wakati kusimama, kwa upande wake, si ngeni kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki. Waislamu wa pwani na wa bara wanajua habari za Watu wa Pangoni, waliolala miaka 309 huku dunia ikienda. Katika kisa hicho wahusika ndio waliosimama na dunia ndiyo iliyoendelea. Fragtime yaugeuza mpango huo: dunia husimama, na wawili huendelea.

3. Kwa nini Kiandutu

Thika ni mji wa viwanda, upatao kilomita 40 kutoka Nairobi, uliozungukwa na mashamba ya mananasi na kahawa. Kiandutu ni jina la Kigikuyu, nalo latokana na ndutu, yaani funza. Kama ilivyo katika mitaa mingi iliyokua kando ya viwanda na mashamba, waliokaa hapo walikuja kutafuta kazi, kila mmoja na lugha yake. Kigikuyu na Kikamba husikika sana, Kiswahili ndicho kiungo, na vijana hutumia Sheng, ambayo imesafiri kwa urahisi kati ya Nairobi, Ruiru na Thika pamoja na matatu.

Mahali pa namna hii panamfaa mwanaisimu kwa sababu mbili. Kwanza, msimulizi wa Kiandutu huleta katika Kiswahili chake mazoea ya njeo kutoka lugha nyingine. Kigikuyu na Kikamba huugawa wakati uliopita kwa daraja za umbali: jambo la punde lina umbo lake, la jana lina lake, na la kale lina lake. Kiswahili sanifu hutosheka na -li- kwa yote hayo. Tena, ambapo Kiswahili sanifu husema "husimamisha wakati kila siku", mzungumzaji wa mitaa ya Nairobi na Thika aelekea kusema "anasimamishanga wakati kila siku", akiyaeleza mazoea kwa kiambishi tamati -nga. Hivyo hata kabla hajaigusa sehemu ya maajabu, msimulizi huyo amekwisha kuchagua.

Pili, usimuliaji wa hadithi za kigeni kwa sauti ni sanaa iliyokwisha kuota mizizi Afrika Mashariki. Nchini Kenya, DJ Afro amejulikana sana kwa kusimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili cha mitaani. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyeitwa Lufufu, alisifika kwa kazi ya namna hiyo. Wajapani wenyewe walikuwa na wasimulizi kama hao, walioitwa benshi, ambao walisimama kando ya pazia na kuzisema filamu zisizo na sauti mpaka sauti ilipoingia katika sinema. Kwa hiyo kumweka msimulizi mbele ya Fragtime hakuilazimishi hadithi ivae nguo isiyo yake. Hadithi za picha nazo zina wasomaji wake nchini: Juha Kalulu wa Edward Gitau alikuwa katika gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi, na tangu mwaka 2010 Shujaaz imewafikia vijana kwa Sheng.

4. Njeo za dunia iliyosimama

Ichukuliwe hali ya kawaida ya darasani. Mwalimu yuko ubaoni na chaki mkononi. Wakati unasimama akiwa katikati ya neno. Msimulizi aseme nini? Sentensi zifuatazo zote ni sahihi kisarufi, lakini hazilingani katika kuieleza picha.

(1) Mwalimu anaandika neno.
(2) Mwalimu ameandika neno.
(3) Mwalimu hakuandika neno.
(4) Mwalimu alikuwa akiandika neno.
(5) Mwalimu hajamaliza neno.

Sentensi (1) haifai, maana mkono hauendi. Sentensi (2) haifai, kwa kuwa kwa kitenzi cha tendo kama andika kiambishi -me- huonyesha kwamba tendo limetimia, ilhali neno lingali nusu. Sentensi (3) ni uongo, kwa kuwa nusu ya neno imekwisha kuandikwa na nusu ya pili itakuja. Sentensi (4) yakaribia, ila yalitupa tendo nyuma na kuliacha huko. Msikilizaji haambiwi kama mkono ungali juu. Sentensi (5) peke yake yasema yote mawili kwa pamoja: kwamba tendo halijafika mwisho wake, na kwamba mwisho huo wangojewa.

Vitenzi vya hali, yaani simama, kaa, lala, vaa, inama na vinginevyo vya jamii hiyo, vina tabia tofauti. Kwa vitenzi hivi -me- hueleza hali iliyopo sasa kama zao la tendo lililokwisha: amesimama, amekaa, amelala. Mtu aliyesimama wakati uliposimama aweza kuendelea kuitwa amesimama, wala msikilizaji hatagundua ajabu yoyote. Kitenzi simama chenyewe kinabeba maana mbili, kukaa kwa miguu na kukoma kwenda, na msimulizi mjanja aweza kuzicheza zote mbili: "watu wamesimama, saa imesimama, hata vumbi limesimama". Hapa Kiswahili na Kijapani vyakutana njiani. Umbo la Kijapani -te iru huweza kueleza tendo liendelealo au hali iliyobaki baada ya tendo, kulingana na kitenzi. Lakini Kijapani kikitaka kusema kwamba jambo halijatokea na langojewa, kwa kawaida huongeza neno mada, yaani bado. Kiswahili hulisema jambo hilo ndani ya kitenzi, kwa silabi moja.

Tofauti ya pili inajitokeza pale wasichana wawili wanapoanza kutembea katika dunia iliyoganda. Kwao wakati unakwenda, na kwa hiyo njeo yao ni -ka-, njeo ya masimulizi isogezayo tendo moja baada ya jingine. Matokeo ni maandishi yenye njeo mbili zinazoishi katika chumba kimoja:

(6) Misuzu akainuka, akapita kati ya madawati, akasimama mbele ya Haruka. Wanafunzi hawajageuka. Chaki haijafika sakafuni. Kengele haijalia.

Katika (6) msikilizaji hahitaji kuelezwa kwamba wakati umesimama. Viambishi vyamweleza. Wawili wako katika -ka-; dunia yote iko katika -ja-. Mstari unaopita kati ya walio hai na walioganda ni mstari wa kisarufi. Lugha isiyo na mgawanyo huo italazimika kutumia vielezi kila mara, na vielezi vikizidi huchosha. Na ilinganishwe na sentensi hii:

(7) Misuzu akainuka, akapita kati ya madawati, akasimama mbele ya Haruka. Wanafunzi hawakugeuka. Chaki haikufika sakafuni. Kengele haikulia.

Katika (7) maajabu yametoweka. Wanafunzi hawakugeuka kwa sababu hawakujali. Kengele haikulia labda kwa kuwa ilikuwa mbovu. Umbo la haku- hufunga habari. Umbo la haja- huiacha imening'inia, kama chaki yenyewe.

Yafaa kutaja pia upande wa picha. Kila kisanduku cha hadithi ya picha kimesimama tayari; karatasi haina mwendo. Mchoraji akitaka msomaji ajue kwamba safari hii wakati wenyewe ndio uliosimama, hana budi kuviondoa vile vinavyodokeza mwendo katika visanduku vingine: mistari ya kasi na maandishi ya sauti. Wajapani wana hata tanakali ya ukimya, shiin, ambayo huandikwa mahali pasipo na sauti yoyote. Kiswahili hakikukosa: kuna kimya jii, na kuna kutulia tuli. Msimulizi wa Kiandutu ana vifaa vya kutosha hapa, na jambo hili halihitaji maelezo marefu.

5. Sasa, zamani na bado

Mtu hawezi kuzungumzia njeo na wakati katika eneo hili bila kumtaja John Mbiti. Katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, kilichotoka mwaka 1969, Mbiti alichukua njeo za Kikamba na Kigikuyu kuwa ushahidi wa fikra ya wakati, kisha akaazima maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kuwa majina ya nadharia yake. Kwa maoni yake, wakati halisi ni ule uliopo na ule uliopita, na wakati ujao karibu haupo, kwani njeo alizozichunguza hazikufika mbali zaidi ya miaka miwili hivi. Nadharia hiyo ilipingwa na wengi. Kwame Gyekye, kwa mfano, aliipinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakan.

Kwa jambo linalochunguzwa hapa, ubishi ule waweza kuelekezwa upya. Ikiwa wakati ujao unatafutwa katika njeo za wakati ujao peke yake, yaani katika -ta- na ndugu zake, sehemu kubwa yake itapotea machoni. Wakati ujao wa Kiswahili unakaa pia ndani ya ukanushi. Anayesema "hajaja" amekwisha kuutaja ujio, ameutegemea, na ameupa nafasi yake mlangoni. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliitambua njeo hii kuwa njeo ya "bado", na jina hilo lina ukweli zaidi ya linavyoonekana. Baina ya sasa na zamani kuna bado, nayo ina sarufi yake.

Jambo hilo halina raha tupu. Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo, na anayeishi katika -ja- huishi katika kungoja. Hapa ndipo sarufi inapokuwa kiini cha hadithi ya Misuzu. Dakika 3 zampa nafasi ya kuwa na Haruka, lakini zampa pia kisingizio cha kutosema lolote wakati dunia inapokwenda. Kila siku inayopita hali yake ni ile ile: hajamwambia. Uwezo wa kusimamisha wakati na kushindwa kusema vina njeo moja. Mfasiri atakayeandika "hakumwambia" atakuwa ameitoa hukumu kabla ya mwisho wa hadithi. Mfasiri atakayeandika "hajamwambia" atamweka msikilizaji katika hali ile ile aliyomo msichana, akingoja.

Tahadhari moja ni lazima. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya umbo "hajawahi" limeenea sana, na wengi hulitumia kwa maana ya kutotokea kabisa. "Hajawahi kumwambia" haina ule ukaribu wa "hajamwambia". Ya kwanza yahesabu miaka iliyopita. Ya pili yasikiliza mlango. Msimulizi anayetaka kuihifadhi hadithi hana budi kuzitenga.

6. Jinsia isiyotajwa

Mpaka hapa Kiswahili kimeonekana kuwa rafiki mwema wa hadithi. Sasa yaja sehemu ngumu. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu hakitaji jinsia, wala -m-, wala yeye. "Alimpenda" yaweza kuwa mwanamume na mwanamke, wanaume wawili, au wanawake wawili. Majina Misuzu na Haruka hayamwambii msikilizaji wa Thika lolote juu ya jinsia ya wenye majina. Kwa hiyo, kinyume cha mfasiri wa Kiingereza, ambaye viwakilishi vya lugha yake humlazimisha kufichua jambo katika kila mstari, msimulizi wa Kiandutu aweza kuisema hadithi nzima tangu mwanzo hadi mwisho bila kusema uongo hata mmoja, na bado msikilizaji asiye na picha mbele yake akaondoka akidhani amesikia habari za mvulana na msichana.

Yaweza kudaiwa kwamba hiyo ni heri: lugha imewapa wahusika stara. Dai hilo lina nguvu, kwani stara ni jambo lenye heshima katika fasihi ya Kiswahili, na ushairi wa mapenzi umeishi kwa mafumbo tangu zamani. Lakini fumbo na ufichaji havifanani. Mtunzi wa fumbo hutaka msikilizaji hodari alifumbue. Mfasiri anayeificha jinsia hutaka asifumbue hata mmoja. Zaidi ya hayo, habari ya Fragtime yahusu kujificha: Misuzu hutumia muda uliosimama ili asionekane, na hadithi yauliza kama mtu aweza kuishi hivyo siku zote. Lugha ikiwaficha tena wahusika waliokwisha kujificha, swali la hadithi hupotea, na kinachobaki ni mchezo wa saa.

Tatizo jingine ni la msamiati. Katika miji ya pwani, Mombasa, Lamu na Unguja, wanawake marafiki wameitana shoga kwa muda mrefu, na neno hilo kwao lilikuwa la mapenzi mema ya kirafiki lisilo na doa. Bara, neno hilo limekuwa tusi waelekezewalo wanaume. Msimulizi wa Kiandutu akilitumia kwa maana ya pwani, wasikilizaji wake watacheka au watakasirika, na kwa vyovyote hawatamsikia Misuzu. Msagaji, neno lipatikanalo katika kamusi, limebeba lawama kabla halijabeba maana. Mtu aliyepewa jina hilo amekwisha kushtakiwa. Mpenzi halina jinsia wala lawama, lakini husema mengi mno na mapema mno kwa wasichana ambao hawajaambiana kitu. Katika maneno yaliyo karibu, linalobaki ni rafiki.

7. Rafiki, na siku 7

Neno rafiki limekwisha kupimwa nchini Kenya kwa namna ambayo haikuwa ya kinadharia. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu yenye jina hilo, juu ya wasichana wawili wa Nairobi waitwao Kena na Ziki, ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa huko. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili mwaka huo, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilikuwa imeipiga marufuku nchini. Kahiu ameeleza kwamba jina la filamu lachukuliwa kutoka katika mazoea ya wapenzi wa jinsia moja, ambao wakimtambulisha mwenzao hawana neno jingine isipokuwa "huyu ni rafiki yangu". Neno lililo wazi kwa wote ndilo lililokuwa kificho.

Filamu hiyo ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Katika hadithi hiyo Anyango anazungumza na Sanyu, aliyepelekwa mbali baada ya wawili hao kugunduliwa, na ambaye sasa habari za kurudi kwake zimesikika. Yeyote atakayeifasiri kwa Kiswahili atajikuta tena katika njeo ile ile. Sanyu amesikika kuwa anakuja, naye hajafika. Hadithi yote imesimama juu ya kitenzi hicho.

Filamu nayo huishia mahali kama hapo. Baada ya kutenganishwa, Kena anasikia kwamba Ziki amerudi, na picha ya mwisho huwaacha wakati mkono umegusa bega na neno halijasemwa. Kahiu ameeleza kwamba alitakiwa aubadilishe mwisho huo kwa sababu ulionekana kuwa na matumaini, naye akakataa. Kwa lugha ya sarufi, ubishi huo ulikuwa juu ya njeo: upande mmoja ulitaka haku-, na msanii akashikilia haja-.

Kisha likatokea jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila kulitazama. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, ili filamu ionyeshwe kwa watu wazima na itimize sharti la kushindania tuzo za Oscar. Siku 7 zilipokwisha, marufuku ikarudi kazini, na mwezi wa Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaithibitisha. Kitenzi kilichotumika katika Kiswahili kwa amri ya jaji ni kile kile atakachotumia msimulizi kwa uwezo wa Misuzu: kusimamisha. Katika hadithi ya Kijapani kinachosimamishwa ni wakati, kwa dakika 3. Nairobi kilichosimamishwa ni katazo, kwa siku 7. Katika hali zote mbili wahusika walipewa muda uliopimwa ambao ndani yake waliweza kuonekana, na nje yake dunia ikaendelea na sheria zake. Msikilizaji wa Kiandutu hahitaji kusafiri mpaka Japani kuielewa Fragtime. Kitenzi chake mwenyewe kimekwisha kumpeleka.

8. Mapendekezo kwa mfasiri

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, yapendekezwa mambo matatu kwa yeyote atakayeisimulia au kuifasiri hadithi ya aina hii.

Kwanza, matendo ya dunia iliyoganda yawekwe katika -ja- kwa vitenzi vya tendo, na katika -me- kwa vitenzi vya hali, na -ka- iachiwe wale wawili peke yao. Wakati unapoanza kwenda tena, -ka- irudishiwe dunia nzima kwa ghafla: chaki ikaanguka, kengele ikalia, wanafunzi wakageuka. Msikilizaji atausikia mshtuko huo kabla hajauelewa.

Pili, jinsia ya wahusika isemwe mara moja, mapema, kwa neno la kawaida. "Misuzu alikuwa msichana mwenye haya, katika darasa lake kulikuwa na msichana mwingine, jina lake Haruka." Baada ya hapo kiambishi a- kitafanya kazi yake bila kuficha na bila kupiga kelele. Stara itakuwapo, na ukweli utakuwapo. Msimulizi ambaye hayuko tayari kuisema sentensi hiyo ni afadhali achague hadithi nyingine, kwani kuisimulia hii bila sentensi hiyo ni kusimulia hadithi ambayo haikuandikwa na mtu yeyote.

Tatu, neno rafiki litumike pale wahusika wenyewe wanapolitumia au wangelitumia, na lisitumike na msimulizi kuwa mbadala wa neno mpenzi wakati hadithi imekwisha kufika huko. Tofauti kati ya kinywa cha mhusika na kinywa cha msimulizi ndiyo inayomwezesha msikilizaji kujua nani anajificha, na kwa nini.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili chaweza kuisimamisha dunia kwa silabi moja, na kwamba silabi hiyo, -ja-, hubeba ndani yake kitu ambacho nadharia ya sasa na zamani haikukipa nafasi yake: tegemeo. Imeonyeshwa pia kwamba ukosefu wa alama ya jinsia katika nafsi, ambao ni sifa njema ya lugha, waweza kugeuzwa kuwa pazia, na kwamba uamuzi wa kulishusha au kulifungua pazia hilo ni wa mfasiri, wala asiutupie lugha. Uchunguzi zaidi wahitajika juu ya namna Kigikuyu na Kikamba, pamoja na daraja zao za wakati uliopita, vinavyoeleza jambo lisilotimia, na jinsi mazoea hayo yanavyojitokeza katika Kiswahili cha Thika na Ruiru. Wanafunzi wa idara za lugha wana uwanja mpana hapo, na hawana haja ya kwenda mbali kuutafuta.

Wahenga walisema wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia wewe. Misuzu hakupigana nao. Aliusimamisha kwa dakika 3, akauegemea, na kila ulipoanza tena kwenda alilikuta neno lake mahali pale pale, halijasemwa. Kazi ya mfasiri ni kulilinda neno hilo lisigeuke kuwa "halikusemwa".